Barua ya wazi kwa wakubwa wa misitu, maji na wanyamapori: bonde la Zigi halina tembo

Wakubwa wangu, shikamooni.

Naanza na kilichonileta maana najua mna makaratasi mengi mezani. Masika ya mwaka jana nilienda ofisi moja, sitaitaja na wala sitasema iko mji gani, kuripoti watu wanaochimba ukingo wa kijito kimoja kinachoshuka kuingia mto Zigi, huku kwetu Usambara Mashariki. Nilifika saa mbili asubuhi nimelowa mpaka soksi. Kijana wa mapokezi akaniuliza shida nini, nikamwambia kuna watu wanatafuta dhahabu, wameng'oa mawe yote ya kijito na pale palikuwa na wanyama. Wanyama gani, tembo? Hapana. Nyati? Hapana. Sasa nini? Nikasema chura.

Jamani yule kijana alicheka mpaka akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Sikukasirika sana, mtu akicheka na wewe unaweza kucheka, lakini alivyomaliza akafungua droo akanipa fomu, na fomu yenyewe ni ile ya uharibifu unaofanywa na wanyamapori, yani mimi nimekuja kusema watu wanaharibu kwa mnyama, napewa fomu ya mnyama aliyeharibu kwa watu. Ina visanduku: tembo, kiboko, mamba, nyani, ngedere, nyingine. Nikaikunja nikaweka mfukoni, tutairudia hii fomu.

Sasa naomba niwaeleze ni chura gani, kwa sababu yule kijana hakuniuliza na mimi sikupata nafasi.

Kuna chura mmoja huku anakaa kwenye mawe ya vijito na maporomoko, rangi yake ni ya jiwe lenyewe, ukimulika tochi unaweza ukampita mara tatu humuoni mpaka macho yang'ae. Wataalamu wanamwita Arthroleptides martiensseni, sisi tulikuwa tunamwita chura wa mawe tu. Mayai anataga juu ya jiwe lililolowa, na viluwiluwi wake hawaogelei kwenye dimbwi kama mlivyochora shuleni, wanakaa juu ya jiwe wima, pale maji yanapopita kama karatasi nyembamba, wamejibandika, mkia mrefu unacheza. Mara ya kwanza nilionyeshwa nikiwa mdogo nikadhani ni ruba. Ukiweka kidole karibu wanaruka, kiluwiluwi anaruka juu ya jiwe, mimi mpaka leo nikiona nacheka mwenyewe. Sasa huyo ukimng'olea mawe ukayapanga pembeni ili upate mchanga wa chini wa kuweka kwenye karai, umemmaliza. Hana dimbwi la kukimbilia, maisha yake ni lile jiwe na lile tone.

Na si huyo peke yake. Ukitoka kijitoni ukaingia kwenye majani makavu, mvua ikiwa imekatika jioni, yupo mwingine mdogo, hafiki hata urefu wa njiti ya kiberiti, usiku anapanda kwenye majani ya vichaka kuita. Huyu anazaa. Hatagi mayai wala hana viluwiluwi, vyura vidogo vinatoka tumboni mwa mama tayari vina miguu minne. Ni wa ukoo mmoja na wale vyura wa Kihansi, na hapo najua mmeshtuka kidogo maana Kihansi kila mtu serikalini anaijua.

Kihansi naisema haraka kwa sababu mnaijua kuliko mimi. Chura kapatikana 1996 kwenye korongo la mto Kihansi kule Udzungwa, anaishi kwenye vumbi la maji ya maporomoko tu, eneo lake lote ni hekta chache mno. Bwawa la umeme likaanza kazi 2000, maji mengi yakapelekwa kwenye mitambo, vumbi la maji likakatika. Vikawekwa vinyunyizio, vyura wakarudi wakawa maelfu kufikia katikati ya 2003, alafu ndani ya miezi michache wakaanguka, ugonjwa wa ukungu ukatajwa, na 2009 dunia ikatangaza kwamba porini hayupo tena. Waliobaki walikuwa Marekani kwenye zuu, kule Bronx na Toledo, tukawarudisha kwa ndege Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010 na kuanza kuwaachia korongoni 2012. Watu walivyowacheka wale vyura kupanda ndege! Mimi nilicheka pia, siwadanganyi. Ila nilichojifunza ni kwamba chura yule alipata jina, bajeti, mkutano na ulinzi baada ya kupotea. Wa kwetu bado yupo, kwa hiyo hana hata kisanduku.

Hapo ndo ugomvi wangu na nyinyi ulipo, wakubwa. Mnapima mali ya msitu kwa ukubwa wa mnyama. Bonde la Zigi halina tembo, halina simba, mtalii wa Land Cruiser akija hapa atarudi analalamika hajaona kitu. Vitu vyetu ni vidogo na ukitaka kuviona unainama. Kinyonga wa pembe tatu, dume ndo ana pembe, jike hana, jina lake la kitaalamu deremensis limetoka Derema hapo juu kwetu. Vinyonga vingine vidogo vya chini vya rangi ya jani kavu, ukikishika kinalala kwenye kidole gumba kimoja. Sange wa mgongo mweusi mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye kwa damu yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya, na pelele anayepiga kelele usiku juu ya mti mpaka wageni wanadhani mtu anakabwa, naye ni jamaa wa tembo vilevile. Kwa hiyo yule kijana wa mapokezi angetaka tembo sana ningeweza kumwambia ndugu zake wapo.

Alafu kuna ua. Hili naomba mnivumilie kwa sababu ndo linaniuma kuliko vyote.

Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani huku Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota kimmea chenye maua ya zambarau akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata kikaandikwa kwenye vitabu kwa jina la Saintpaulia, kutokana na jina lao wao. Leo kiko kwenye madirisha ya jikoni Ulaya na Marekani, kinauzwa supamaketi kwenye kikopo cha plastiki, wamezalisha rangi na aina zisizohesabika, wana vyama vyao vya wapenzi wa hilo ua na mashindano kabisa. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara mpaka leo. Uliza mtoto wa darasa la saba hapa Muheza akuonyeshe, hajui. Mwalimu wake hajui. Wala sikitupii jiwe chuo cha ualimu, mimi mwenyewe nimepita juu ya yale majani miaka ishirini nikienda kuchuma iliki, nilikuja kuambiwa na mgeni mmoja wa Kidenmaki aliyepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya bei mbaya, akawa kama anasali.

Linaota hivi. Jiwe kubwa karibu na kijito, upande usiopigwa jua, lina kuvu la kijani juu yake na udongo kiasi cha kujaza kijiko. Hapo kwenye ufa linakaa, majani ya duara yenye manyoya, ukiyagusa ni kama sikio la ndama. Maua petali tano, katikati vitone viwili vya njano. Jani likikatika likaangukia palipolowa linaota mizizi lenyewe, ndo maana wazungu walilizalisha kirahisi. Lakini uhodari wake unaishia hapo, ukikata mti unaolipa kivuli, jua la saa saba likalifikia siku chache tu, majani yanakuwa kahawia yanalegea kama mchicha uliosahaulika kwenye meza. Halihitaji uzio wala askari. Linahitaji ule mti mmoja ubaki umesimama.

Na hapa lazima niseme la kwetu pia kabla hamjanigeuzia kibao. Baba yangu alilima iliki. Iliki inataka kivuli kwa hiyo unafyeka miti midogo ya chini unaacha mikubwa, kwa mbali msitu unaonekana uko pale pale, lakini chini hakuna mtoto wa mti anayekua. Inazaa vizuri miaka kadhaa, udongo unachoka, alafu unaangusha ile mikubwa unaweka migomba na mahindi. Tumefanya hivyo ukoo mzima, ada yangu ya shule ilitoka huko. Na kabla yetu Wajerumani walifyeka wakaleta kahawa, ikagoma, baadaye ikaja chai, na mpaka miaka ya 1980 kulikuwa na ukataji mbao wa mashine kubwa uliokuwa na baraka zote. Kwa hiyo sisemi mwanakijiji ni malaika, nasema tu hakuanza yeye.

Wajerumani hao hao 1902 walifungua kituo cha utafiti Amani wakapanda miti ya dunia nzima kwenye bustani, na mingine ikatoka bustanini ikatembea. Mnaujua muhesi? Maesopsis kwa kitaalamu, kwao ni kule magharibi, Bukoba na Uganda. Unakua haraka kuliko mtoto wa ng'ombe. Ukipita barabara ya kupanda Amani mnajisifu jinsi palivyo kijani, nusu ya ile kijani mnayoipiga picha ni muhesi. Na aliyeusambaza ni ndege wa hapa hapa, hondohondo, yule mkubwa mwenye mdomo kama jembe ambaye akiruka unasikia mabawa yanahema. Anameza matunda yake huku anaenda kutema mbegu kule, palipo na pengo la mti uliokatwa muhesi unaota. Hondohondo hana kosa, yeye kaletewa chakula. Ila kila mkija na kampeni ya kupanda miti mnahesabu miche tu, mche ni mche, hakuna anayeuliza ni mti gani. Miaka yote ya kampeni sijaletewa hata mara moja mche wa msambu, mti wa huku huku ambao kokwa zake zina mafuta na watu wanaziokota wanauza bila kuangusha kitu.

Sasa nije kwenye mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naijua kwa sababu nilisomewa nikiwa nimesimama kwenye shamba langu. Walikuja na futi ya kamba, wakapima, migomba yangu kumi na mmoja ikawa ndani, nikaambiwa niiondoe nikaiondoa, sina kinyongo, ni sheria na ni haki. Lakini ile dhahabu haikuanza jana, ilivuma 2003 na 2004 watu wakajaa huku mpaka unga ukapanda bei, wakafukuzwa, wakatulia, na kila baada ya muda wanarudi wawili watatu usiku na karai na koleo. Wale hawalimi mita 40 kutoka mtoni, wamesimama ndani ya mto wenyewe. Hao futi ya kamba haijawafikia. Nauliza tu, ile kamba inapima kutoka upande gani?

Msiseme ni hifadhi kwa hiyo pamelindwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ipo tangu 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, hekta 8,380, na kweli imeokoa vingi, ningekuwa mnafiki nikikataa. Wenzetu wa Derema waliacha mashamba yao ya iliki msitu uungane na wa pili. Ila vijito havisomi mpaka. Vinatoka hifadhini vinapita kwenye chai, vinapita kwetu, na chura wa mawe anakaa kote, na lile ua linaota kwenye jiwe lolote hata la nyuma ya choo cha mtu.

Watu wa maji nanyi mpo humu msijifiche. Maji yanayonywewa Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa la Mabayani ni Zigi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliingiza sokoni hatifungani ya kijani, yani kukopa kwa watu kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, tukaona kwenye taarifa ya habari watu wamevaa suti wanapiga kengele pale soko la hisa. Safi kabisa. Tope la ukingo mmoja uliochimbwa huku juu linateremka mpaka kwenye hilo bwawa, na tope likizidi dawa ya kutibu maji inaongezeka, hilo mnalijua kwa risiti. Wapo wakulima wa Kihuhwi na Zigi waliojiunga kuhifadhi kingo kwa hiari yao, mnawasaidia kidogo, waongezeeni, hapo siongezi neno.

Sasa vipepeo, maana nisipowasema mama yangu mdogo hatanipa chakula.

Huku watu walifundishwa kufuga vipepeo kibiashara. Unajenga kizimba cha wavu, unaweka jike, unampa mmea wake anaotaga, kila kipepeo na mmea wake hachanganyi. Kiwavi anakula wiki kadhaa anageuka pupa, pupa unalifunga kwenye pamba unalituma Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, linapasuka kule kipepeo anatoka. Na ili uwe na mmea wa kiwavi lazima msitu uwe jirani, kwa hiyo wanawake waliokuwa wanakata kuni wakaanza kugombana na wakata kuni. Mama mdogo aliezeka bati nyumba yake kwa hela ya pupa. Mwanzoni mumewe aliona ni uchawi, maana huku Muheza kiwavi wa mchungwa tunamponda kwa ndala, leo mke wake anamlisha kwa mkono na kumhesabu asubuhi na jioni.

Mnakumbuka 2010 twiga walipandishwa ndege KIA wakapelekwa Qatar, nchi nzima ikachafukwa, na kwa haki kabisa. Mwaka 2016 likaja zuio la kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kipepeo naye kwenye karatasi ni mnyamapori hai. Basi twiga aliondoka na mama mdogo akafungiwa. Siku tangazo lilipofika alikuwa na pupa mia na kitu tayari kwenye trei, na pupa halisubiri barua ya ufafanuzi, yakapasuka yote ndani ya wiki, kizimba kikajaa, akafungua mlango. Alikaa kwenye kigoda akawaangalia wanatoka mmoja mmoja. Hakulia wala nini, alisema tu "haya nendeni, hela ya mwalimu hiyo." Mwaka uliofuata ule upande wa mimea ya viwavi alipanda mahindi.

Hicho ndicho ninachokisema tangu mwanzo. Sheria iliandikwa mtu akiwa na twiga kichwani. Iandikeni upya mkiwa na kipepeo kichwani pia, mstari mmoja tu unatosha, wadudu waliofugwa kizimbani wawe na utaratibu wao, wasikae foleni moja na twiga.

Kuna mengine ningeyasema, kama yule bundi mkubwa wa Usambara ambaye watu wanampiga mawe kwa sababu ya imani, au chozi wa Amani ambaye wenzetu wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kenya wanalipwa na watalii kumwonyesha na sisi tunaye anatuchungulia dirishani. Bundi hata nyinyi mnamuogopa kwa hiyo tumuache.

Nachoomba si kikubwa. Ile kamba ya mita 60 irudi, safari hii ianzie mtoni, na waje nayo usiku. Miche ya kampeni ijayo iwe ya huku. Na shule za bonde hili ziwe na ule mmea kwenye kopo la Kimbo dirishani kama walivyo wazungu, jani moja linatosha shule nzima kama nilivyosema linaota lenyewe, nitaleta mimi kwa ruhusa yenu ili nisije nikakamatwa nao.

Ile fomu niliijaza. Sikutaka ionekane nimeidharau ofisi ya serikali. Kwenye aina ya mnyama niliweka tiki "nyingine" nikaandika chura wa mawe. Idadi ya wanyama, nikaandika sikuweza kuhesabu, mawe hayapo. Aina ya zao lililoharibiwa, nikaacha wazi. Ukubwa wa eneo kwa ekari, nikakata ekari nikaandika hatua zangu arobaini za kijito. Mahali pa sahihi ya mlalamikaji nilisaini, mahali pa sahihi ya shahidi nilikosa mtu, kijana wa mapokezi nilimwomba akakataa akasema hajamuona huyo chura. Nikamwambia twende, bodaboda nalipa mimi, akaangalia nje mvua ilivyokuwa akasema labda kiangazi. Nakala ya pili ninayo, iko ndani ya Msahafu isikunjike, na pale kwa shahidi bado pako wazi.